Kupinda kwa Mwanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi, na wazazi wanaowasaidia watoto kazi za shule, na hata watu wazima walioona kijiko kimekatika ndani ya glasi ya maji wakataka kujua kulikoni. Jambo moja linapita katika majibu yote: mwanga hupinda kwa sababu kasi yake imebadilika. Ukilishika hilo, mengine yanafuata yenyewe. Ukilikosa, utabaki kukariri michoro ya mishale bila kujua inasema nini.

Tumefundishwa kwamba mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu. Mbona tena unapinda?

Yote mawili ni kweli. Ndani ya kitu kimoja kilicho sawasawa kila mahali, iwe maji, kioo au hewa tulivu, mwanga huenda moja kwa moja. Unapovuka mpaka kati ya kitu kimoja na kingine, hapo hapo mpakani ndipo unapobadili mwelekeo, kisha unaendelea tena kwa mstari mnyoofu, ila wa upande mwingine kidogo. Kwa hiyo ndani ya maji mwale haujikunji kama upinde. Ni kona moja tu, na kona hiyo iko kwenye uso wa maji. Hewani kuna hali ambapo mwale hupinda taratibu kweli, na tutazifikia kwenye swali la mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana barabarani penye jua kali.

Kwa nini kupungua kwa kasi kuufanye mwanga ugeuke? Si ungeenda polepole tu, njia ile ile?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na mara nyingi darasani linarukwa.

Simama ufukweni uangalie mawimbi. Mbali huko yanakuja kwa mshazari, kutegemea upepo ulikotoka. Yanapokaribia nchi kavu, mistari yake inageuka hadi inakuwa karibu sambamba na ufuko. Hakuna anayeyageuza. Wimbi hupungua kasi likifika kwenye maji yenye kina kifupi, na kama limekuja kwa mshazari, ncha yake moja inafika huko kabla ya nyingine. Ncha hiyo inaanza kujikokota, ile nyingine bado inakwenda kwa kasi ya mwanzo, na mstari mzima hauna budi kuzunguka kuelekea upande uliopungua kasi.

Mwanga nao ni wimbi, na mambo ni hayo hayo. Mwale unaoingia majini kwa mshazari una upana, hata kama ni mdogo kiasi gani. Upande mmoja wa upana huo unagusa maji kwanza na kupungua kasi, upande wa pili bado uko hewani. Kufikia wakati upande wa pili nao umeingia, mwale wote umeshageuka.

Hapo utaona pia kwa nini mwale unaoingia wima kabisa haugeuki. Pande zote mbili zinagusa maji kwa wakati mmoja. Kasi inapungua vilevile, lakini hakuna upande uliotangulia, basi hakuna cha kuuzungusha.

Unageuka kuelekea upande gani?

Chora mstari unaosimama kwa digrii 90 juu ya uso wa mpaka, pale mwale unapogusa. Mwanga ukiingia kwenye kitu kinachoupunguzia kasi, unausogelea mstari huo. Ukitoka kwenda kwenye kitu kinachouongezea kasi, unakaa mbali nao zaidi. Kutoka hewani kwenda majini: unausogelea. Kutoka majini kwenda hewani: unajitenga nao.

Kipimo cha mpindo ni nini?

Ni namba inayosema mwanga umepungua kasi mara ngapi. Katika ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, kasi ya mwanga ni mita 299,792,458 kwa sekunde. Gawanya namba hiyo kwa kasi ya mwanga ndani ya kitu unachokitaka, na jibu ndilo kipimo cha mpindo cha kitu hicho.

Hewa ina takriban 1.0003, ndiyo maana kwa hesabu za kawaida tunaihesabu kama 1. Barafu ni 1.31, maji 1.33, gliserini 1.47, kioo cha kawaida kama 1.52, na almasi 2.42. Ukizigeuza namba hizo kuwa kasi, mwanga ndani ya maji huenda kama kilomita 225,000 kwa sekunde, na ndani ya almasi kama kilomita 124,000 tu.

Wengi hudhani kwamba kitu kizito lazima kiwe na namba kubwa. Si lazima. Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji, yanaelea juu yake, lakini kipimo chake cha mpindo ni karibu 1.47, kikubwa kuliko cha maji. Kinachohesabika ni jinsi elektroni za kitu hicho, yaani chembe ndogo sana zilizo ndani ya atomu zake, zinavyoitikia mwanga, na si uzito wake kwenye mizani.

Kanuni ya kujua mwanga utapinda kiasi gani inasemaje, na naitumiaje?

Zidisha kipimo cha mpindo cha upande wa kwanza kwa sini ya pembe ya kuingilia (sini ni namba ya pembe unayoipata kwa kitufe cha sin kwenye kikokotoo). Jibu litakuwa sawa na kipimo cha upande wa pili mara sini ya pembe ya mpindo, yaani pembe ya mwale baada ya kuvuka mpaka. Pembe zote mbili hupimwa kutoka ule mstari wa digrii 90, na si kutoka kwenye uso wa maji. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapo, kwa kupima kutoka upande usiotakiwa.

Chukua mwale unaoingia majini kwa digrii 45. Sini ya 45 ni 0.707. Gawanya kwa 1.33 unapata 0.53, na pembe yenye sini hiyo ni digrii 32. Mwale umegeuka kwa digrii 13. Ungeingia kwenye kioo cha 1.52 kwa pembe hiyo hiyo, ungefikia karibu digrii 28.

Nani aliigundua kanuni hii?

Vitabu vingi huipa jina la Willebrord Snellius, Mholanzi aliyeiandika mwaka 1621. Lakini historia yake ni ndefu kuliko hapo, na inastahili kusimuliwa.

Katika karne ya 2, huko Alexandria, Ptolemaio alipanga jedwali la pembe za mwanga unaotoka hewani kwenda majini. Alianza na digrii 10 hadi 80, akaruka kumi kumi. Majibu yake: 8, kisha 15.5, 22.5, 29, 35, 40.5, 45.5 na 50. Katikati ya jedwali namba zake ni nzuri sana. Kwa digrii 60 anasema 40.5, na ndivyo hesabu ya leo inavyosema. Kwa digrii 80 anasema 50, ilhali jibu sahihi ni kama 47.6. Tazama tofauti kati ya namba moja na inayofuata: 7.5, 7, 6.5, 6, 5.5, 5, 4.5. Zinapungua kwa nusu nusu, bila kukosea hata mara moja. Vipimo halisi havijipangi hivyo. Inaelekea alipima, akaona mpangilio unaokaribia, kisha akazinyoosha namba zilingane na mpangilio huo.

Karibu mwaka 984, Ibn Sahl wa Baghdad aliandika juu ya vioo na lenzi za kuunguza kwa jua, na michoro yake ina uwiano ule ule tunaouita leo kanuni ya Snellius. Kurasa za kazi hiyo zilikuwa zimetawanyika, na ni mwaka 1990 ndipo mwanahistoria Roshdi Rashed alipoonyesha zilichobeba. Baada ya Ibn Sahl alikuja Ibn al-Haytham, aliyeandika kitabu kikubwa cha elimu ya kuona mwanzoni mwa karne ya 11 na kuufanya upimaji kuwa sehemu ya hoja. Uingereza, Thomas Harriot aliipata kanuni karibu mwaka 1602 na hakuichapisha. Snellius naye alifariki mwaka 1626 bila kuichapisha. Aliyeitoa hadharani ni René Descartes, mwaka 1637.

Kwa maoni yangu Ibn Sahl anastahili kutajwa kila kanuni hii inapofundishwa. Si suala la fahari. Ni suala la kusema kilichotokea.

Ina maana watu wa zamani walijua kwamba mwanga hupungua kasi majini?

La. Kanuni ilijulikana kabla ya sababu yake. Newton aliona mwanga kama chembe zinazovutwa na maji, kwa hiyo kwake mwanga uliongeza kasi ukiingia majini. Pierre de Fermat alifikiri kinyume: mwaka 1662 alionyesha kwamba ukichukulia mwanga hupungua kasi majini, na kwamba hufuata njia inayomaliza safari kwa muda mfupi kuliko zile za jirani, kanuni ya pembe inatoka yenyewe. Christiaan Huygens naye, kwa kutumia mawimbi, alifika huko huko katika kitabu chake cha mwaka 1690.

Mabishano hayo yalikaa karibu miaka mia mbili kwa sababu hakuna aliyeweza kupima. Mwaka 1850 Léon Foucault, jijini Paris, alitumia kioo cha kuakisi kinachozunguka kwa kasi kubwa na kulinganisha mwanga uliopita hewani na uliopita kwenye bomba la maji. Wa majini ulichelewa.

Kwa nini basi mwanga hupungua kasi ndani ya kioo? Unagongana na atomu?

Maelezo ya kugongana yamesambaa sana, na ningependa yaachwe. Yanasema kila chembe ya mwanga inamezwa na atomu, inakaa kidogo, inatemwa, inamezwa na nyingine. Ingekuwa hivyo, kila kutemwa kungeutupa mwanga upande wowote, na dirisha lingekuwa kama ukungu. Kumbe kupitia dirisha safi unasoma bango lililo ng'ambo ya barabara bila shida.

Kinachotokea ni hiki. Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Likipita ndani ya kioo linazitikisa elektroni za atomu zote zilizo njiani, kwa mdundo wake lenyewe. Elektroni inayotikisika hutoa wimbi lake dogo, lenye mdundo ule ule lakini lililochelewa kidogo. Mawimbi hayo madogo yote yanajumlishwa na wimbi la awali. Kwa pembeni yanafutana. Kwa mbele yanaungana kuwa wimbi moja ambalo vilele vyake vinafika kwa kuchelewa kuliko ambavyo vingefika pasipo kioo. Kadiri unavyozama ndani, ucheleweshaji unazidi kujilimbikiza, na kwa anayepima nje hiyo ndiyo kasi ndogo.

Mwanga ukitoka upande wa pili, unapata wapi nguvu ya kurudi kwenye kasi yake?

Hauhitaji nguvu. Ukishatoka kwenye kioo hakuna tena elektroni za kuuchelewesha, basi wimbi linaenda kwa kasi ya kawaida. Swali hili linatokana na kuufikiria mwanga kama mpira uliotupwa.

Rangi ya mwanga hubadilika ukiingia majini?

Haibadiliki. Urefu wa wimbi ndio unaofupika: mwanga mwekundu wenye urefu wa nanomita 650 hewani unakuwa na nanomita 490 hivi majini. Lakini idadi ya mitikisiko kwa sekunde inabaki ile ile, na jicho hutambua rangi kwa hiyo.

Kwa nini bwawa huonekana na kina kifupi kuliko kilichopo?

Miale inayotoka kwenye sakafu ya bwawa inajitanua inapotoka majini. Jicho na ubongo havina habari ya kona iliyopigwa kwenye uso wa maji; vinairudisha miale nyuma kwa mstari mnyoofu na kuiweka sakafu pale mistari hiyo inapokutana, ambapo ni juu zaidi ya sakafu yenyewe. Ukitazama wima kutoka juu, kina unachokiona ni kile halisi gawanya kwa 1.33, yaani robo tatu. Maji ya mita 2 yanaonekana kama mita 1.5. Ukitazama kwa mshazari, kutoka ukingoni, yanaonekana mafupi zaidi ya hapo.

Naomba wazazi na walezi walichukue hili kwa uzito. Mtoto anayesimama ukingoni mwa bwawa au mto anaona kina ambacho si cha kweli, na kosa siku zote ni la upande wa hatari. Asiyejua kuogelea asikadirie maji kwa macho.

Sababu hiyo hiyo inamfanya mvuvi wa mkuki alenge chini ya samaki anayemwona. Wako samaki wa jamii ya Toxotes wanaofanya kinyume chake: wakiwa majini wanawatemea maji wadudu waliotua juu ya majani, na hulenga vizuri ingawa nao wanamwona mdudu mahali asipokuwepo.

Ni kweli uso wa maji unaweza kuwa kioo cha kujitazamia?

Ni kweli, na unaweza kuliona sasa hivi. Jaza maji kwenye glasi nyororo isiyo na nakshi, weka kijiko ndani, inyanyue juu kidogo ya usawa wa macho, kisha utazame uso wa maji kutoka chini kupitia ubavu wa glasi. Uso utang'aa kama fedha iliyosuguliwa. Huoni dari juu yake. Unachokiona ni nusu ya chini ya kijiko ikirudi kichwa chini, na mpini uliopita juu ya maji umepotea kabisa.

Mwanga unapotoka majini kwenda hewani hujitenga na mstari wa wima. Ukizidisha mshazari, utafika mahali ambapo mwale unaotoka unalala kabisa juu ya uso wa maji. Pembe hiyo huitwa pembe ya kikomo, na kwa maji ni digrii 48.6. Ukiipita, hakuna tena njia ya kutokea. Mwanga wote unarudi ndani. Huo ndio uakisi kamili wa ndani, na kioo cha kawaida cha kujitazamia hakiufikii, maana chenyewe humeza sehemu ya mwanga kila unapokigusa.

Mpiga mbizi akitazama juu anaona dunia yote ya nje, kuanzia upeo wa macho wa upande huu hadi wa upande ule, imebanwa ndani ya duara moja lenye upana wa digrii 97 hivi. Nje ya duara hilo anaona sakafu ya maji ikiakisiwa.

Faiba ya intaneti inatumia jambo hilo hilo?

Ndiyo. Unyuzi wa faiba una kiini cha kioo kilichozungukwa na ganda la kioo kingine chenye kipimo cha mpindo kidogo zaidi. Mwanga ukishaingia kwenye kiini kwa pembe inayofaa, kila unapojaribu kutoka unarudishwa ndani, na unaweza kufuata hata kona za waya mradi zisiwe kali mno.

Shida ya mwanzo ilikuwa usafi wa kioo. Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake George Hockham walionyesha kwamba mwanga unapotea kwa sababu ya uchafu uliomo kwenye kioo na si kwa sababu ya kioo chenyewe, na kwamba ikiwezekana kubakiza asilimia 1 tu ya mwanga baada ya kilomita moja, mawasiliano yatawezekana. Mwaka 1970 kampuni ya Corning ilifikia kiwango hicho. Faiba nzuri ya leo hubakiza karibu asilimia 95 kwa kilomita. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009.

Na kumeta kwa almasi?

Kwa kuwa kipimo chake ni 2.42, pembe yake ya kikomo ni digrii 24.4 tu. Mwanga ulioingia unashindwa kutoka kwa nyuma na kurudi juu kwa mtazamaji. Mkataji mzuri huzipanga nyuso za jiwe kwa kusudi hilo. Almasi iliyokatwa vibaya huvujisha mwanga kwa chini na kufifia, hata iwe safi vipi.

Rangi za mche wa kioo, yaani kipande cha kioo chenye pande tatu, zinatoka wapi?

Kipimo cha mpindo si namba moja kwa rangi zote. Kwa maji ni kama 1.331 kwa nyekundu na 1.343 kwa zambarau. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha: zambarau hupinda zaidi, nyekundu hupinda kidogo, na mwanga mweupe unafunguka kuwa rangi zake.

Kabla ya Newton wengi waliamini kwamba kioo ndicho kinachoupaka mwanga rangi. Kuanzia mwaka 1666 alifanya majaribio ya kuuliza swali hilo moja kwa moja: alitenga rangi moja kwa tundu dogo na kuipitisha kwenye mche wa pili. Kama kioo kingekuwa kinapaka rangi, mche wa pili ungeongeza nyingine. Haukuongeza. Rangi ilipinda tena lakini ikabaki ile ile.

Upinde wa mvua je?

Mwanga wa jua unaingia kwenye tone la mvua na kupinda, unaakisiwa kwenye ukuta wa nyuma wa tone, kisha unapinda tena ukitoka. Miale inajikusanya zaidi kwenye pembe ya karibu digrii 42 kutoka upande ulio kinyume na jua, nyekundu ikiwa juu na zambarau chini yake kidogo. Kwa hiyo ukiwa umesimama ardhini, jua likiwa juu zaidi ya digrii 42, upinde hauonekani angani. Subiri asubuhi au jioni, na ulipe jua mgongo. Upinde wa pili, hafifu, hukaa kama digrii 51 na rangi zake zimegeuzwa kwa sababu mwanga umeakisiwa mara mbili ndani ya tone.

Mwanzoni mwa karne ya 14, Kamal al-Din al-Farisi huko Uajemi na Theodoric wa Freiberg huko Ujerumani, kila mmoja bila kumjua mwenzake, walilichunguza jambo hili kwa tufe la kioo lililojazwa maji, kama tone kubwa wanaloweza kulizunguka. Napenda sana ukweli kwamba wawili hao walifikia wazo moja.

Mazigazi ni kiini macho cha mtu mwenye kiu?

Hapana, kamera nayo huyapiga picha. Lami ikichomwa na jua, hewa inayoigusa inakuwa ya moto na nyepesi kuliko ya juu yake, na kipimo chake cha mpindo kinashuka kidogo. Mwale unaoshuka kutoka angani kwa mshazari mdogo sana unapita tabaka baada ya tabaka, ukipinda taratibu hadi unageuka kwenda juu na kufika machoni. Unachokiona kama dimbwi barabarani ni anga. Inatetemeka kama maji kwa sababu hewa ya moto haitulii.

Nimesikia kwamba jua tunaloliona likizama limeshazama. Ni kweli?

Kweli. Angahewa huunyanyua mwanga wa jua lililo kwenye upeo wa macho kwa karibu sehemu 34 kati ya 60 za digrii moja, na upana wa jua lenyewe ni kama sehemu 32. Ina maana ukingo wake wa chini unapoonekana kugusa upeo, jua zima liko chini ya upeo tayari. Ukingo wa chini hunyanyuliwa zaidi kuliko wa juu, ndiyo maana jua la jioni huonekana limebonyezwa. Usilikodolee macho hata hivyo, na usilitazame kamwe kwa darubini.

Kwa nini naona ukungu nikifungua macho chini ya maji?

Karibu theluthi mbili za kazi ya kukusanya mwanga jichoni hufanywa na konea, ule uso wa mbele ulio wazi, na hufanya hivyo kwa sababu upande mmoja kuna hewa. Kipimo cha konea ni kama 1.38. Maji ni 1.33. Ukizama, tofauti inakaribia kwisha na kazi hiyo inapotea. Miwani ya kuogelea inarudisha hewa mbele ya jicho, basi.

Kioo kinaweza kutoweka kweli?

Kinaweza kutoonekana. Tunakiona kioo kwa sababu mwanga unapinda na sehemu yake, kama asilimia 4 kwa kila uso, inaakisiwa. Zamisha fimbo ya kioo cha maabara, kile kinachostahimili moto, ndani ya gliserini: vyote viwili vina 1.47 hivi, kasi ya mwanga haibadiliki mpakani, na fimbo inapotea machoni kuanzia pale ilipoingia.

Nguvu ya uvutano nayo hupinda mwanga. Ni jambo hilo hilo?

Ni jambo lingine. Huko hakuna mpaka wa vitu viwili, na rangi zote hupinda sawa. Lilithibitishwa kwa vipimo vya kupatwa kwa jua vya tarehe 29 Mei 1919.

Naweza kupima kipimo cha mpindo nyumbani, bila vifaa vya maabara?

Unahitaji chombo kirefu cha kioo, sarafu mbili zinazofanana na rula. Weka sarafu moja chini ndani ya chombo, mimina maji hadi sentimita 16. Funga jicho moja, tazama wima kutoka juu karibu na ukingo, ili uone sarafu ya ndani kupitia maji na ile ya pili uliyoishika nje ya chombo, ubavuni. Pandisha na shusha ya nje huku ukisogeza kichwa kidogo kushoto na kulia. Zikiwa kwenye kina tofauti kwa jicho lako, moja itaonekana kuipita nyingine. Zikienda pamoja bila kuachana, ziko usawa mmoja.

Sasa pima kutoka uso wa maji kushuka hadi sarafu ya nje. Utapata karibu sentimita 12, na 16 gawanya kwa 12 ni 1.33. Rudia upimaji mara kadhaa uchukue wastani, maana mkono hutikisika. Ukibadilisha maji kwa mafuta ya kula ya kina kile kile, sarafu ya nje itabidi ipande hadi karibu sentimita 11.